Mbu, Damu na Askari: Somo la Elimu ya Viumbe

Miongoni mwa askari na polisi wetu wamo wengi wanaosoma jioni, baada ya gwaride na zamu za lindo, ili wafanye mtihani wa kidato cha nne ambao hawakupata nafasi ya kuufanya walipokuwa vijana. Hao hutuambia kwamba historia wanaipenda na hesabu wanajikaza nayo, lakini elimu ya viumbe, yaani baiolojia, huwashinda kwa wingi wa majina yake. Twawaelewa. Kwa hiyo leo tumekusudia kulishika somo hilo kwa upande mwingine. Tutamchukua adui mmoja anayejulikana katika kila kambi na kila kituo cha polisi, tumfuate tangu anapoingia mwilini hata anapotoka, na njiani tutakutana na mambo mengi ya msingi ambayo mwalimu hutaka mwanafunzi ayajue: chembe hai, uzazi, urithi, na jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi. Adui huyo ni malaria.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la madaktari peke yao. Jenerali William Slim wa Uingereza, aliyeongoza Jeshi la 14 huko Burma katika Vita Kuu ya Pili, aliandika baada ya vita kwamba mwaka 1943, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa majeraha, waliondolewa 120 kwa maradhi, na malaria ilikuwa mbele ya maradhi hayo. Slim aliona kwamba vita hivyo vya homa vingeshindwa au kupotezwa na maafisa wa vikosi kuliko madaktari. Akaamuru kila askari ameze kidonge cha mepakrini kila siku, kidonge kilichogeuza ngozi kuwa ya manjano, kisha akawa anatuma watu kupima damu za vikosi bila kutoa taarifa. Kamanda ambaye kikosi chake kilionekana hakimezi dawa alifukuzwa kazi. Slim anasema alilazimika kuwafukuza watatu tu, waliobaki walielewa.

Wazee wetu walikuwako huko. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake ilikuwamo batalioni ya nne ya King's African Rifles, yaani ile ya Uganda, iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, wakati wa masika makali, katika bonde lililosifika kwa malaria kuliko karibu pahali pote pa Burma. Walipita. Waliopita walikuwa wamemeza vidonge vyao.

Sasa tuanze somo lenyewe. Kila kiumbe chenye uhai kimejengwa kwa chembe hai, ambazo vitabu huziita seli. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyelitumia jina hilo kwanza, mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome kwa hadubini na kuona vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa mfano wa vyumba vya bweni. Lakini ilipita zaidi ya miaka 170 kabla Wajerumani Schleiden na Schwann, katika miaka ya 1838 na 1839, hawajatangaza kwamba mimea yote na wanyama wote wameumbwa kwa chembe hizo. Chembe hai ina utando unaoizunguka, mfano wa ua la kambi lenye lango na walinzi, ambao huruhusu vitu fulani kuingia na vingine kutoka. Ndani yake mna kiini, ambacho ni kama ofisi ya kamanda, maana ndimo zinamohifadhiwa amri zote za ujenzi na kazi. Baina ya utando na kiini mna vyombo vinavyochoma chakula na kutoa nguvu, na vingine vinavyotengeneza protini.

Viko viumbe vilivyojengwa kwa chembe moja tu, na viko kama sisi vyenye chembe nyingi mno zilizogawana kazi: za misuli hukaza, za mishipa ya fahamu hupeleka habari, za tumbo hutoa majimaji ya kusagia chakula. Hapo ndipo mwanafunzi aliyepitia kwata huelewa upesi kuliko mwingine, kwa kuwa ameona jinsi kundi la watu wasiojuana linavyogeuzwa kuwa kikosi chenye wapishi, madereva, wapiga mizinga na watu wa redio.

Chembe tunayoihitaji leo ni chembe nyekundu ya damu. Umbo lake ni kama kitumbua kilichobonyezwa katikati pande zote mbili. Katika tone la milimita moja ya ujazo zimo zipatazo milioni 5. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, huishi muda wa siku 120 hivi, kisha huvunjwa na mpya kuchukua nafasi. Ajabu yake ni kwamba ikikomaa haina kiini. Imekitupa ili ipate nafasi zaidi ya kubeba hemoglobini, protini yenye chuma ndani yake, ambayo hushika hewa ya oksijeni mapafuni na kuifikisha hata kidole cha mguu. Lori lisilo na dereva, lililojaa mzigo, likisukumwa na moyo: ndivyo ilivyo.

Lori hilo ndilo analoliteka adui wetu. Vimelea vya malaria ni viumbe vya chembe moja, vyenye kiini na utando kama chembe nyingine zilizo kamili. Aliyeviona kwanza alikuwa mwanajeshi. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona tarehe 6 Novemba 1880 katika damu ya askari mgonjwa mjini Constantine, Algeria. Mpaka wakati huo wengi waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya itokayo mabwawani, na jina lenyewe malaria kwa Kiitalia maana yake ni hewa mbaya. Wa pili naye alikuwa daktari wa kijeshi, Ronald Ross, wa utumishi wa Waingereza huko India. Katika Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliwaacha mbu wamnyonye mgonjwa aitwaye Husein Khan, aliyekubali kwa malipo ya sarafu ndogo kwa kila mbu, na tarehe 20 ya mwezi huo akakuta vimelea katika ukuta wa tumbo la mbu mmojawapo. Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, na Laveran mwaka 1907. Husein Khan alibaki na sarafu zake.

Mwendo wa adui ni huu. Mbu jike wa aina ya anofelesi anapouma hutia mate ili damu isigande, na katika mate hayo hupita vimelea vyembamba kama uzi. Havikai katika damu. Kwa muda mfupi tu huwa vimekwisha ingia katika ini, na humo hujificha, hula, na kugawanyika kwa muda wa wiki moja hivi bila mwenye mwili kusikia lolote. Kimelea kimoja kilichoingia katika ini hutoa maelfu. Hao ndio wanaotoka kwa wingi na kuzivamia chembe nyekundu. Kila mmoja huingia katika chembe yake, hula hemoglobini, hujigawa, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kuachia wengine wapatao 16 au zaidi, ambao nao huvamia chembe nyingine. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: 16 mara 16 mara 16, kila siku mbili. Kupasuka huko, pamoja na taka inayomwagika katika damu, ndiko kunakoleta baridi, tetemeko na homa. Mgonjwa hupungukiwa damu kwa sababu malori yamevunjwa. Na katika aina ile kali iitwayo falsiparamu, chembe zilizotekwa hunata katika mishipa midogo, hata ya ubongo, na hapo mtu hupoteza fahamu.

Huko kujigawa mara nyingi bila dume wala jike vitabu hukuita uzazi usio wa kijinsia. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba watoto wote ni nakala ya mzazi. Lakini baadhi ya vimelea katika damu hugeuka kuwa dume na jike, na hawa hungoja. Hawawezi kuoana ndani ya mtu. Ni lazima wanyonywe na mbu, na ndani ya tumbo lake ndipo huungana. Huo ni uzazi wa kijinsia, ambao huchanganya urithi wa pande mbili na kuzaa watoto wasiofanana kabisa na baba wala mama. Baada ya siku 10 hadi 14 hivi watoto wao huwa wamefika katika tezi za mate, na mbu yuko tayari kwa mtu mwingine. Mbu mwenyewe hana chuki nasi. Dume hunywa maji matamu ya maua maisha yake yote. Jike ndiye hutafuta damu, kwa kuwa pasipo protini iliyo ndani yake hawezi kukomaza mayai.

Mayai hayo hutagwa majini, yakawa viluwiluwi, kisha pupa, kisha mbu mwenye mabawa. Kubadilika umbo namna hii ni jambo la kawaida kwa wadudu wengi, na kwa askari lina maana kubwa, maana kila hatua ina mahali pake. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Mbu mkubwa akitua ukutani huinua nyuma yake juu, kama mtu aliyeinama kuokota kitu. Anofelesi wetu hupenda vidimbwi vidogo vya maji ya mvua vilivyo juani: alama za magurudumu ya malori, mashimo ya kufyatulia matofali, mahandaki ya mazoezi yaliyoachwa wazi. Kwa maneno mengine, kambi nyingi huwafuga mbu zenyewe. Zile amri za kufukia makopo na matairi ni njema, lakini humo hupenda zaidi kutaga mbu wa jamaa nyingine, aedesi, waenezao homa ya manjano na dengi. Katika jamaa hiyo ndimo wamo wanaoeneza Zika, iliyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Zika ni virusi, na virusi si chembe hai hata kidogo, bali ni kifurushi cha amri tupu kinachosubiri kiwanda cha mwingine. Tuyaache hayo kwa siku nyingine.

Swali tuliloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini kuruta aliyekulia katika milima ya Kabale huanguka vibaya apelekwapo nyanda za kaskazini, na mwenzake wa huko akapata kichwa kuuma siku mbili tu? Jibu ni kinga iliyopatikana kwa kuishi. Katika Apac, watafiti waliopima mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara 4 kila usiku. Mtoto aliyevuka utoto mahali kama pale mwili wake umekwisha zifahamu sura nyingi za adui. Kinga hiyo haiui vimelea vyote, wala hairithiwi na mtoto. Hujifunzwa upya na kila mtu, na hupungua akikaa muda mrefu mahali pasipo malaria.

Iko kinga nyingine inayorithiwa, na hapa, ndugu msomaji, twataka tukae kidogo.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari ya kijana mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake nyekundu zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Ugonjwa huo leo twauita selimundu. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, mifupa ikauma kana kwamba inavunjwa, mikono na miguu ya mtoto ikavimba, macho yakawa ya manjano, damu ikapungua. Mwaka 1956 Vernon Ingram alionyesha chanzo chake. Hemoglobini hujengwa kwa minyororo ya asidi amino, na katika mnyororo mmoja wenye pingili 146, pingili moja tu, ile ya sita, imebadilishwa. Kosa moja katika amri, kama herufi moja iliyokosewa katika ujumbe wa redio, na kikosi kizima huelekea mto mwingine.

Amri hizo huitwa jeni, nazo hukaa juu ya kromosomu katika kiini. Mtu ana kromosomu 46, akipata 23 kwa baba na 23 kwa mama, hivyo kila amri anayo kwa nakala mbili. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aligundua kanuni hiyo kwa kupanda njegere, akaichapisha mwaka 1866, na hakuna aliyejali mpaka mwaka 1900. Tuiite nakala nzuri A na ile yenye kosa S. Mwenye A mbili ni mzima. Mwenye S mbili ana ugonjwa. Mwenye A moja na S moja ni mchukuzi: ana afya, huenda doria, hucheza mpira, wala hajui lolote.

Tumwangalie basi konstebo mmoja, mchukuzi, aliyeoa mke ambaye naye ni mchukuzi. Kila mmoja humpa mtoto nakala moja kati ya mbili zake, kwa bahati, kama kurusha sarafu. Warushe sarafu mbili pamoja. Katika kila marusho manne, kwa wastani, moja huleta A mbili, mawili huleta A na S, na moja huleta S mbili. Sarafu haina kumbukumbu. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, hatari kwa wa pili ni ile ile robo moja. Wako waliozaa watatu wagonjwa mfululizo, na wako wachukuzi waliozaa sita wote wazima.

Twayaandika haya kwa urefu kwa sababu tumeona yanayotokea katika nyumba za askari. Mtoto hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, jirani hunong'ona, mama mkwe hufika kutoka kijijini, na baada ya muda mke hufungashiwa vitu vyake kwa kuwa ameleta damu mbaya, au mganga hulipwa mbuzi amtaje mchawi. Hesabu ya Mendel haimpi nafasi mchawi, na kosa haimpi mke peke yake. Mtoto asingeweza kuwa na S mbili kama baba hakutoa moja. Kipimo cha damu cha kumtambua mchukuzi kipo, nacho hufaa zaidi kikifanywa kabla ya harusi kuliko baada ya mazishi.

Wakufunzi nao wasikilize. Uchunguzi juu ya makuruta wa Marekani uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba wachukuzi walipatwa na vifo vya ghafula mazoezini mara nyingi kuliko wenzao. Uchunguzi mwingine wa askari wa nchi hiyo hiyo, mwaka 2016, baada ya kanuni za maji na mapumziko kukazwa, haukukuta tofauti ya vifo, ila hatari ya misuli kuvunjika kwa kazi nzito ilibaki kuwa juu kidogo. Anayemnyima kuruta maji katika mbio za jua kali kwa kudhani anamkomaza hajui kilichomo katika damu ya mtu huyo.

Lakini kwa nini jeni yenye madhara hivyo isitoweke? Mwaka 1949 madaktari Lehmann na Raper walitangaza matokeo ya kupima makabila ya Uganda, na kwa Baamba, chini ya Ruwenzori, walikuta wachukuzi wapatao 45 katika kila watu 100. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa jibu: mchukuzi hustahimili malaria kuliko mwenye A mbili. Palipo na mbu wengi, watoto wenye A mbili walikufa kwa homa, wenye S mbili wakafa kwa selimundu, na wachukuzi wakaishi na kuzaa. Palipo baridi na pasipo mbu, S haina faida na imekuwa adimu. Hilo ndilo Charles Darwin aliloliita uteuzi wa asili katika kitabu chake cha mwaka 1859. Hakuna anayechagua kwa kukusudia. Mazingira huwaua wengine, na waliobaki huwarithisha watoto wao kile kilichowaokoa.

Kanuni hiyo hiyo humtumikia na adui. Dawa ya klorokwini ilikuwa tegemeo la majeshi na raia baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mpaka wa Thailand na Kambodia, na pia huko Colombia, vilionekana vimelea visivyoijali. Havikuwa vimejifunza, vilizaliwa na kosa fulani katika amri zao, kosa lililogeuka kuwa ngao, na dawa ilipowaua wenzao wote vyenyewe vikabaki na uwanja mtupu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukinzani huo ulikuwa umefika Afrika Mashariki, na mwaka 2004 Uganda ikabadili sera na kuchagua dawa mseto yenye jamii ya artemisinini.

Dawa hii nayo ina asili ya kijeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilipokuwa ikiwamaliza askari wa Kaskazini msituni, China ilianzisha kwa siri Mradi 523, ulioitwa hivyo kwa tarehe yake, 23 Mei 1967. Bibi Tu Youyou, aliyeongoza kundi mojawapo, alisoma maandishi ya tabibu wa karne ya nne aliyeagiza jani fulani liloweshwe katika maji baridi lisichemshwe, akatambua kwamba moto ndio ulioharibu dawa. Mwaka 1971 akaipata, mwaka 1972 yeye na wenzake wakaijaribu kwanza miilini mwao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na vile vya pili humezwa saa 8 baada ya vya kwanza. Artemisinini huua upesi sana, ndiyo maana askari huamka siku ya pili akijiona mzima na kumpa rafiki vidonge vilivyobaki. Vimelea vilivyosalia siku hiyo ni vile vilivyo vigumu zaidi kufa, na ndivyo vitakavyozaa. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa Gulu katika miaka ya 2017 hadi 2019, ulioonyesha vimelea vyenye jeni iliyobadilika ambavyo hutoka polepole katika damu ya mgonjwa aliyetibiwa kwa dawa ya jamii hiyo. Rwanda ilikuwa imetangaza vyake mwaka 2020. Ukinzani huo ni wa sehemu tu, na ile dawa ya pili iliyomo katika mseto humalizia kazi. Lakini vile vimelea dume na jike tulivyovitaja huweza kubaki katika damu siku kadhaa baada ya homa kwisha, na askari aliyeacha dozi nusu, akapata barua ya uhamisho na kupanda lori kwenda kambi nyingine, huwa amevibeba pamoja na blanketi lake. Usiku wa kwanza, kama hakufunga chandarua, mbu wa huko huvipokea.